Mafuta ya Nazi Hayaingii Chembani

Kochi, 4 Juni

Mwanangu Sheeja,

Salamu nyingi. Sijambo, ila taya. Je, joto la Maskati mnalionaje? Naandika maana mdomo haufunguki vizuri, kwa simu nitakutoa machozi bure. Mionzi ya saratani ya miaka ile iliponya ulimi, lakini daktari anasema mfupa wa taya umekosa damu, unakufa. Dawa yake ni kufungiwa na wagonjwa wengine kwenye chemba ya chuma, hewa inashindiliwa, unavuta oksijeni tupu, ili mishipa midogo iote tena. Isipofaa, taya litakatwa. Leo nesi amenirudisha mlangoni. Kisa? Mafuta ya nazi kichwani! Nimekuja zangu nyumbani na sirudi.

Mama yako, Ammini

Maskati, 13 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila barua yako imeninyima raha. Mama! Ndani ya oksijeni ile, mafuta na cheche moja tu, mnaungua nyote. Yule nesi hakukudharau, amekuokoa. Taya na nywele, kipi kwanza? Oga urudi.

Mwanao

Kochi, 21 Juni

Sheeja,

Hujambo mwanangu? Unaona ukaidi tu. Mionzi iliponing'oa nywele za kisogoni, baba yako alinipaka mafuta kila asubuhi mpaka zikaanza kuota. Amekufa hajaziona zikifika mabegani. Nikizisugua kwa sabuni naona kama namfuta yeye. Haya, nicheke.

Mama yako

Maskati, 30 Juni

Mama,

Shikamoo. Sicheki. Nimelia dukani mbele ya wateja. Baba alikupaka ili upone, si ili ufe unang'aa. Na mimi nimeacha mafuta, wenzangu wananiita kifuu. Tukauke sote wawili. Nakupenda, Mama, bado nataka unigombeze kwa mdomo wako mwenyewe.

Mwanao

Maskati, 11 Agosti

Mama, u hali gani? Mbona kimya? Hata mstari mmoja tu.

Mwanao

Kochi, 2 Septemba

Mwanangu,

Mimi mzima, na safari hii si salamu ya mazoea. Nilirudi chembani siku ileile niliyopata barua yako, kichwa kikavu kama ufagio. Sikukuandikia, niliogopa kukupa tumaini la uongo. Jana daktari alinichungulia mdomoni: kidonda cha fizi kimefunga, mfupa umepata damu. Hawakati!

Sasa nikuambie. Nilikwisha kuweka kando sari yangu nyeupe ya ukingo wa dhahabu, nivikwe siku ya kuchomwa maiti yangu. Leo asubuhi nimeivaa kwenda kununua dagaa. Imechafuka.

Mama yako