Folda ya Saa Iliyobaki Kwenye Kompyuta Yako

Mpendwa mdogo wangu Nasra,

Neno la siri tulilojaribu leo adhuhuri limekataliwa nalo. Aliyenipa habari hiyo ni Haroub, mwenzako wa meza ya pili pale ofisini. Aligeuza skrini upande wangu, akaniacha nisome, akainuka kwenda kusali.

Nakuandikia wewe kwa sababu jibu unalo wewe peke yako. Nakuandikia gazetini kwa sababu sina pengine pa kukuandikia. Naanza na yaliyothibitika.

Mtoto wa kike wa Uroa, hajatimiza mwaka, amelazwa hospitali hapa mjini. Alipewa dawa ya maji kwenye kituo cha afya saa nne asubuhi. Dawa ile haitakiwi kurudiwa kabla ya nusu siku kupita, kwa hiyo dozi ya pili ilikuwa ya saa nne usiku. Karatasi iliyotoka kwenye programu yako, ile inayowaandikia wagonjwa wa vituoni saa za dozi, iliandika saa 10. Mama yake akampa saa kumi, alasiri ile ile, jua bado kali. Nilimkuta wodini ameishika karatasi hiyo. "Nimesoma mpaka darasa la saba, Bi," aliniambia. "Kumi naijua." Daktari anasema ni mapema mno kusema lolote.

Unaikumbuka siku uliyonichukua kwenda kituo cha Bububu? Ilikuwa mwanzo kabisa wa programu. Ulitaka kuwasikia kina mama wakisoma karatasi zao kwa sauti, ukasema mimi nina sura ya kuzoeleka, watanisomea. Bibi mmoja mwenye mjukuu mgongoni akaiangalia yake, akaigeuza, akaiangalia tena.

"Mwanangu, saa kumi na nne ndo saa ngapi? Ya peponi?"

Benchi zima likacheka, na wewe ukacheka kuliko wote. Wiki ile ile ukaandika sehemu mpya ya programu, inayosoma saa kama tunavyoisoma sisi, asubuhi inapoanza ndipo moja inapokaribia. Ukaiita saa ya kwetu. Ulikuwa umeketi chini kwenye mkeka nyumbani Malindi, hapa hapa mjini, kipande cha mkate wa kumimina mkononi, makombo yakidondokea kwenye kibodi, na mama akikugombeza kwamba kitu cha ofisi hakiliwi juu yake.

Jioni nyingine nilikuuliza mbona kazi imekwisha na bado hulali. Ulinijibu kwa lugha ya kazi yangu ya gazeti ili nielewe.

"Da Raya, kuandika habari ni kazi moja na kulitoa gazeti ni kazi nyingine. Sasa hivi nnatoa gazeti."

Ukanionyesha faili fupi. Ndani yake uliandika mambo ambayo chombo cha kufungasha, yaani programu inayoifunga kazi yako iwe kifurushi kimoja, kinataka kuyajua: jina la kifurushi, toleo lake, jina la mchapishaji, seva, ile kompyuta kuu, ya kukipeleka, na folda zipi zitiwe ndani. Chombo kinakusanya, kinafunga, kinadai neno la siri ili kitie sahihi, halafu kinapeleka. Alfajiri, kompyuta za vituo vyote zinapiga simu kwenye seva na kuchukua kifurushi kipya, mradi tu kina sahihi yako. Isiyokuwa yako zinaikataa.

"Mhariri nani?" nilikuuliza.

"Mie."

"Msambazaji?"

"Mie vile vile."

"Basi ukiumwa, gazeti halitoki."

"Nikiumwa ntakuwa nnaumwa tu, Da Raya. Sio kama nshakufa."

Ulikuwa na afya siku hiyo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Haroub amelipata kosa. Katika toleo lako la mwisho uliihamisha saa ukaipa folda yake yenyewe, na folda ukaiandika kama inavyoandikwa kwa Kiswahili sahihi: saa ya kwetu, maneno matatu yenye nafasi katikati. Chombo cha kufungasha hakijui Kiswahili. Kwake nafasi ni mwisho wa jina. Kilitafuta folda inayoitwa "saa", hakikuiona. Kikatafuta "ya", kikatafuta "kwetu". Hakikulalamika, kikafunga vilivyopatikana na kupeleka. Kwenye kompyuta yako kila kitu kilifanya kazi, maana folda ipo pale, hadi leo ipo. Vituoni haikufika. Kompyuta za huko zilipoikosa zikarudi kwenye saa ya waliozitengeneza, inayohesabu mpaka kumi na mbili tu, na kwa saa hiyo nne ya usiku ni 10.

Kulitibu ni kuunganisha maneno matatu yawe moja. Haroub amekwisha kuyaunganisha. Kifurushi kimefungwa, kiko tayari, na chombo kinauliza neno la siri.

Uliwahi kumwambia kuwa si neno, ni sentensi nzima. Basi tumeketi tukiandika sentensi. Mimi nilianza, na Haroub akanishika mkono.

"Bi Raya, hapo unasoma taarifa ya habari. Nasra kasema lini 'ninakwenda'?"

Tukaanza upya kwa mdomo wako. Nnakwenda sokoni. Nshakula. Ntarudi magharibi. Usinisubiri chakula. Kila ulilozoea kusema ukivaa viatu mlangoni tumeliandika, na herufi kubwa, na bila herufi kubwa, na nukta, na bila nukta. Mama alisikia tunachofanya akaja akasimama nyuma yetu na upawa mkononi.

"Jaribuni bismillahi. Mwanangu hakuanza kitu bila bismillahi."

Tukajaribu. Ikakataa.

"Jaribuni shikamoo mama."

Haroub aliandika pole pole, kama anayeogopa kuharibu. Ikakataa. Mama akasema huenda tumekosea herufi, turudie. Tukarudia. Akasema turudie tena. Nikamwambia mama, basi. Akarudi jikoni, na mpaka leo hajaniuliza kama tumelipata.

Nasra, nimekaa kwenye kazi hii ya habari muda wa kutosha kujua kuwa mlango ukifungwa upo mwingine. Mara hii sijauona huo mwingine. Kuizima seva hakusaidii, maana toleo bovu liko vituoni tayari. Haroub amepiga simu kila kituo kinachopatikana, awaambie waandike saa kwa mkono. Bwejuu laini inalia bila kupokelewa. Kituo kingine muuguzi wa zamu alimjibu, "Kompyuta si ndo hiyo hiyo mliyotwambia tusiibishie?" Kila asubuhi karatasi mpya zinatoka, na kila nikilala nawasikia kina mama wakizisoma kwa usahihi.

Nimekwenda kaburini kwako nikakuuliza kwa sauti. Ninaripoti hilo pia.

Imebaki njia moja, nayo ni ya miguu. Haroub ametengeneza sahihi mpya. Kwa kuwa kompyuta za vituo hazitaikubali zenyewe, lazima mtu afike kwenye kila moja, aingize sidii, ile diski yenye kifurushi kipya, na kujibu ndiyo pale itakapouliza kama mchapishaji huyu mgeni akubaliwe. Ili afanye hivyo ilibidi kwanza abadilishe faili lako fupi. Alipofika kwenye mstari wa mchapishaji aliacha kuandika, akanisogezea kibodi.

"Wewe dada yake. Futa wewe."

Jina lako lina herufi tano. Nilizifuta moja moja kutoka mwisho, na ilipobaki ile ya kwanza nilimwomba aniletee maji. Alipokwenda nikaifuta. Sasa mstari ule una jina la ofisi.

Nilikuwa nikijiambia kwamba maadam chombo kile kinadai neno lako, kuna mahali bado unangojewa. Kuanzia leo hakilidai.

Gari tumeazimwa. Mimi nakwenda pamoja na Haroub. Yeye atashughulika na kompyuta, mimi nitawatafuta waliokwisha kuchukua karatasi, nyumba kwa nyumba. Tunaondoka Jumatatu baada ya sala ya alfajiri, Uroa kwanza, halafu Bwejuu. Asubuhi hiyo hiyo, saa tatu, daktari atazungumza na wazazi wa yule mtoto.

Mama anakusalimu.

Mimi dada yako,
Raya