Ukurasa Uliovaa Sare ya Kiwanda cha Mikate

Shoga, uko wapi? Nimeumbuka mwenzio!

Si ile linki ya kiwanda cha mikate tuliyotumiwa wenye maduka leo asubuhi, kwamba oda zote sasa tuagizie humo? Nimeifungua. Nembo ni yao, rangi ni zao. Halafu inaniomba neno la siri.

Nikatazama anwani ya pale juu. Si ya kiwanda! Jina la kampuni nisiyoijua kabisa.

Kitendawili! Kavaa sare ya kiwanda, lakini kwao si kiwandani. Nani? Tapeli!

Ndipo nikaandika kule kwenye kundi letu la wenye maduka: "Msifungue, matapeli hao!" Watu mia mbili, shoga. MIA MBILI.

Haikupita nusu saa, mjukuu wangu huyo kwenye simu, analia. "Bibi, ule ukurasa nimeutengeneza mimi! Ndiyo kazi yangu ya kwanza, na kiwanda kinataka kuvunja mkataba!"

Mimi niliyemlea! Lakini nikamuuliza, "Mbona anwani si ya kiwanda?"

"Hiyo ni ya kampuni niliyojengea ukurasa. Nilisahau kuibadilisha, Bibi."

Sasa anataka niwaambie watu ni salama. Nikamjibu, "Wewe nakujua, mama. Ukurasa siujui. Weka anwani ya kiwanda kwanza, niione kwa macho yangu, ndipo niandike."

Ananung'unika huko, lakini anabadilisha.

Haya, na wewe niambie kweli: uliandika neno lako la siri au hukuandika?

Naona umesoma. Mbona hujibu?