Geji za Gari la Baba Yako

Ediofe, Arua
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mpendwa binti yangu Peace,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Mwanza wanakulisha vizuri, au bado ni samaki kila siku? Na kile kikohozi kimepona? Mimi shangazi yako ni mzima, ila goti la kushoto linanisema kila nikipanda ngazi za kanisa. Mvua imenyesha vizuri na muhogo umekubali.

Najua utairuka barua hii mpaka ufike penye gari, kwa hiyo nianze nalo. Uliniuliza kama lile gari jekundu la mbio la baba yako litakutoa Koboko siku ya harusi mpaka kanisani hapa Ediofe. Kaka yangu alikuwa ameapa kwamba likichemka tena, analiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Mmoja wao alishaanza kupita kila Jumamosi kulitazama, utadhani anachumbia.

Injini yenyewe haikuwa na kosa. Geji za dashibodi ndizo zilizokuwa zikidanganya: maji yanachemka, mshale umetulia tu. Nikasema tuachane na za umeme, tutafute zile za zamani zisizotumia waya. Ile ya mgandamizo wa oili inaletewa oili yenyewe kwa bomba jembamba, na ile ya joto ina mrija wa shaba wenye kichwa kinachozama kwenye maji ya injini. Nikazipata za mtumba hapa Arua, zimetolewa kwenye lori kuukuu, nikampelekea.

Unamjua baba yako. Alitoka jeshini, lakini jeshi halijamtoka. Hata kamba ya kuanikia nguo lazima inyooke. Sasa ule mrija wa shaba ulikuwa mrefu kupita kiasi, unaning'inia chini ya dashibodi, na kwake huo ni utovu wa nidhamu. Akasema, "Hii waya iko refu bure," akachukua koleo akaukata, akitaka kuunga. Kumbe ndani mna dawa inayosukuma mshale. Tulisikia harufu kama ya hospitali, mshale ukalala, na haukuamka tena.

Sikucheka, Peace. Nilicheka baadaye. Siku ile alikaa kwenye kiti cha dereva na kile kipande mkononi, akasema kwa sauti ndogo kwamba ameharibu harusi ya mtoto wake, bora mnunuzi aje tu. Roho iliniuma sana. Tangu mama yako atutoke, gari hilo ndilo linalomtoa kitandani asubuhi.

Kesho yake nikaenda sokoni Koboko kwa Elise, mama wa Kikongo anayeuza vipuri vya mitumba. Ana geji ndoo nzima. Sikutaka kuuziwa maiti, nikamwambia anionyeshe inavyofanya kazi. Akachukua kichwa cha mrija akakitumbukiza kwenye birika la muuza chai jirani yake, mbele ya wateja. Mshale ukapanda taratibu mpaka kwenye alama ya kuchemka, ukakaa hapo. Kisha nikatoa mkobani na ile ya oili ya baba yako, akaijaribu kwa pampu ya baiskeli, nayo ikaitika.

"Iko muzima, mama," akaniambia. "Lakini mutu asikate. Akikata, inakufa."

Muuza chai alimwaga birika zima akinung'unika, na sikumlaumu.

Nikainunua ile ya joto. Tulipoifunga garini, urefu uliobaki tuliuzungusha duara duara na kuufunga kwa utepe upande wa abiria. Koleo nilikuwa nimelificha kwenye mkoba wangu. Baba yako aliutazama ule mzingo kama anavyomtazama askari asiyechomekea shati, lakini hakuugusa.

Jana tukalijaribu mpaka Arua. Alitazama geji kuliko barabara, hadi nikamgombeza. Kwenye mlima mshale ukaanza kupanda, naye akapunguza mwendo. Ukapanda kidogo tu, ukasimama katikati, na ukabaki pale safari nzima. Mbele ya kanisa akazima gari, akafungua boneti, akasikiliza. Hakuna kilichochemka. Yule wa vyuma chakavu alipopiga simu jioni, baba yako alimjibu kwa maneno machache: "Hii gari iko na kazi. Inabeba mtoto yangu."

Basi jibu lako ndilo hilo, mwanangu. Litakubeba.

Prossy na Adrabo wanakusalimu, na Mama Jale anauliza kama huko mnapata simsim, ile wanayoiita ufuta. Msalimie mchumba wako Chrispin. Mwambie gari lina viti viwili tu, kwa hiyo yeye ajitafutie usafiri. Mungu awafikishe nyumbani nyote mkiwa na afya na furaha.

La mwisho ni la fundi wako wa nguo. Ule mzingo wa shaba utakuwa karibu na magoti yako. Mwambie asikushonee gauni pana lenye mkia mrefu, likanasa. Akibisha, mwambie baba yako ameshalitoa lile koleo mkobani mwangu na kunikabidhi hapa mezani. Anasema kama kuna kitakachokatwa, kikatwe kitambaa.

Ni mimi shangazi yako, ninayekungoja kwa mapenzi yote,
Poni