Mstari wa Namba Saba

Jumatatu, 9 Septemba

Nimekagua malori arobaini na moja leo. Peke yangu. Mwenzangu alistaafu mwezi wa sita, wakasema wataleta mwingine, nikasema sawa. Mpaka leo nasema sawa.

Saa kumi na moja alfajiri uwanja bado giza. Mimi, tochi na fomu. Matairi, taa, breki, mafuta, maji ya rejeta. Tiki, tiki, tiki. Ndiyo maana wananiita Mama Tiki. Zamani jina hilo lilinichekesha.

Nilipofika namba saba shemeji alikuwa anafuta kioo. Ni mume wa mdogo wangu. Madereva wanamwita Taratibu, maana hajampita mtu barabarani tangu azaliwe. Akaniambia, shemeji, hebu niangalizie maji vizuri, jana nilisikia harufu tamutamu ndani ya kabini. Madereva hawaruhusiwi kugusa vifuniko vya maji tangu yule mwenzao aungue uso. Maji ni kazi yangu mimi tu. Nikamulika lile tangi jeupe la plastiki. Mstari wa maji uko pale pale, katikati ya alama ya chini na ya juu. Nikamwambia maji yapo, hiyo harufu ni ya soksi zako. Akacheka. Tiki.

Goti limevimba tena.

Jumanne, 10 Septemba

Arobaini. Mvua. Shemeji kauliza tena habari ya maji. Nikamwambia, unanifundisha kazi? Nilitaka iwe utani, haikutoka kama utani. Mstari pale pale. Nimelala na viatu.

Jumatano, 11 Septemba

Namba saba imechemsha.

Mlimani, na shehena nzima ya saruji mgongoni. Imerudi saa nane mchana ikivutwa kwa mnyororo. Fundi mkuu alifungua, akawaita wenzake waje waone. Gasketi imeungua, silinda hedi imepinda, yaani injini imekufa. Akakuta na mpira mdogo wa maji, ule wa nyuma, umechanika.

Taratibu anasema mshale wa joto haukupanda. Ulilala chini mpaka moshi mweupe ukatoka. Meneja akamuuliza mbele za watu, injini inatokota na mshale umelala, unamwambia nani? Watu wakacheka. Taratibu akarudia: haukupanda. Ana miaka kumi na tisa kwenye usukani na hajavunja hata kioo cha pembeni.

Amesimamishwa. Kikao ni Jumatatu. Meneja anasema mpira ulichanikia njiani, hilo linatokea, lakini dereva mwenye macho angeuona mshale akasimama. Wakimkuta na kosa anafukuzwa, na kwenye barua yake wataandika kwamba ameua injini kwa uzembe. Dereva mwenye barua hiyo hapewi tena lori na mtu yeyote.

Kisha meneja akainua fomu yangu juu. Akasema angalau kazi ya huyu mama ni safi, alfajiri maji yalikuwa sawa, tiki hii hapa. Nilisimama kama mwanafunzi aliyepewa zawadi. Nadhani nilitabasamu. Najichukia kwa kutabasamu.

Alhamisi, 12 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Baada ya zamu nilipita gereji. Nilikwenda kujitoa wasiwasi, basi. Namba saba wameivua uso mzima. Lile tangi la maji fundi amelifungua, amelitupa karibu na matairi mabovu. Nikaliangalia. Mstari upo, katikati. Moyo ukatulia — maji haya hapa. Nikaliinua. Jepesi. Nikaligeuza juu chini. Halikutoka hata tone. Na mstari uko pale pale!

Ni doa. Kulanti, yale maji yenye dawa ya kupozea injini, ya miaka mingi imegandia kwenye plastiki, ikaacha mstari wa kahawia mahali maji yalipozoea kukaa. Ukimulika kwa nje unaona maji kabisa.

Nikamwuliza fundi kuhusu ule mpira, kama kupiga soga tu. Akasema haukuchanika jana, kingo zake zimeshakuwa nyeusi. Ulikuwa unatoa matone, yanakaukia kwenye injini ya moto kabla hayajafika chini, kwa hiyo hakuna aliyeona dimbwi. Harufu tamu ndiyo hiyo. Na mshale? Akasema kile kipimo lazima kilowe ndani ya maji ndipo kisome. Maji yakiisha, mshale unalala hata kama injini inaungua. Kwa hiyo shemeji amesema kweli, neno kwa neno.

Ukutani kwetu kazini pameandikwa kwa rangi nyekundu: USIAMINI MSTARI, TINGISHA TANGI. Ukitingisha, maji yanacheza, unayaona. Au injini ikiwa imepoa unafungua kifuniko unachungulia. Mwandiko ni wangu. Niliandika mwenyewe miaka minane iliyopita, goti likiwa zima. Lakini kutingisha ni kupanda bampa, na kupanda bampa mara arobaini na moja kabla jua halijatoka… Nilianza kuacha lini? Nimepekua fomu, pale ninapoandika kiasi cha maji kando ya tiki. Namba saba, wiki tatu, kiasi kilekile kila siku, asubuhi za baridi na za joto. Maji gani hayo yasiyopanda wala kushuka? Nilikuwa natia tiki doa.

Fundi hakuniuliza chochote. Nimerudi nyumbani. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimepanda bampa zote leo. Nimetingisha matangi yote. Nimemaliza saa tatu badala ya saa moja, honi zinalia nyuma yangu, mmoja akauliza leo Mama Tiki kapoteza hereni? Mawili maji yake yalikuwa chini ya alama. Mawili.

Meneja akataka kujua kilichonichelewesha. Nikafungua mdomo. Nikasema mguu.

Jumamosi, 14 Septemba

Mdogo wangu amekuja. Hakukaa. Akichanganyikiwa hutafuta kazi, basi akachukua pasi akaanza kupiga sare zangu, moja baada ya nyingine, hata zile kuukuu. Anasema mumewe anaamka alfajiri kama kawaida, anavaa, anakaa kitandani na viatu.  Usiku wa jana kamwuliza, wewe unaniamini kwamba mshale haukupanda?

Akaniuliza na mimi. Dada, wewe unamwamini?

Nikasema namwamini.

Akasema basi Jumatatu uwaambie hivyo, watakusikiliza wewe, kila mtu anajua wewe ukiangalia kitu umekiangalia. Kisha akanishukuru. Akashika mkono wangu akanishukuru! Nikamwambia pasi inaunguza kola.

Ningesema pale pale. Alikuwa mbele yangu, hatua mbili. Nina miaka hamsini na nne, nimebakiza sita nistaafu, na nimechoka mpaka nashindwa kusema sentensi moja. Huo si udhuru. Nauandika ili niuone ulivyo mdogo.

Jumapili, 15 Septemba

Wamekuja wote wawili mchana, wamekula hapa. Shemeji kaona bomba la jikoni linadondosha, akainuka bila kuombwa, akalifungua, akabadilisha raba, akalifunga. Akasikiliza. Kimya. Akaniambia, shemeji, hili lingekumalizia maji bila wewe kujua.

Hakumaanisha kitu. Uso wake haukuwa na hila yoyote. Nikaenda uani nikajifanya naanua nguo.

Jumatatu, 16 Septemba

Naandika hapa hapa kwenye benchi, nje ya ofisi ya meneja. Daftari juu ya paja.

Asubuhi nilipita gereji, nikalitia lile tangi kwenye mfuko wa saruji. Ndani walikuwa meneja, katibu wake, fundi mkuu, Taratibu na mimi. Shemeji kavaa shati la harusi yake, shingo haifungi. Katibu akasoma maelezo, kisha akasoma fomu yangu. Meneja akaniuliza kama nina la kuongeza.

Nikaweka tangi mezani. Nikamwomba anisomee maji yako wapi.

Akainama. Akavaa miwani. Akasema yako katikati, si yanaonekana. Akamwonyesha katibu kwa kalamu. Katibu akasema ndiyo, katikati.

Nikaligeuza tangi juu ya karatasi zao. Katibu akaruka na kiti kuokoa fomu. Hakikutoka kitu.

 Nikasema mimi: hivyo ndivyo nilivyosoma wiki tatu. Sikupanda, sikutingisha. Namba saba iliondoka kavu, na mshale usingeweza kupanda. Sauti yangu ilitoka ndogo lakini ilitoka. Fundi mkuu akatikisa kichwa kukubali, akasema hilo la mshale ni kweli. Meneja akavua miwani, akatuambia sisi wawili tungoje nje.

Sasa nusu saa. Wanaongea, sauti haifiki. Tangi liko mapajani kwangu chini ya daftari. Shemeji amekaa mwisho ule wa benchi. Hakunitazama mpaka hivi punde. Kaniuliza jambo moja: umejua tangu lini?

Nikasema tangu Alhamisi.

Akahesabu kwa vidole, polepole kama anavyofanya kila kitu. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Akabaki anaviangalia vile vidole vinne.

Nikasema nisamehe shemeji. Akavikunja kimoja kimoja.

Katibu amechungulia mlangoni. Kasema aingie mmoja kwanza. Hakusema nani, karudi ndani.

Goti limekaza, sidhani kama litanyooka. Shemeji amesimama. Amekuja mbele yangu, amenyoosha mkono. Sijui anataka nimpe tangi, au anataka kuniinua. Nafunga daftari.