Miguu Mikavu

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua tena. Baridi ya kukata masikio. Kutwa nzima napeleka dawa za watu majumbani kwa baiskeli, viatu vinalia chwa-chwa.

Kliniki ya sukari, nesi kaniminya vidole vya mguu, anauliza nasikia wapi. Nilibahatisha! Akasema miguu iwe mikavu na ipate joto, la sivyo nitafute kazi ya kukaa, maana kidole kikioza hukatwa. Kalisema hilo bila kupepesa macho. Kazi ya kukaa — najua nini mimi zaidi ya kukanyaga pedali?

Mama watoto nimemwambia tu kwamba nahitaji vifuniko vya viatu. Mengine nimemeza.

Jumatano, 6 Novemba

Dukani kwa Breki. Ndivyo tunavyomwita fundi wa baiskeli, kwa kuwa mdomo wake hauna breki. Kaning'iniza aina mbili. Vya kitambaa kisichopitisha maji: vyepesi, ila baridi inapenya. Vya mpira mnene: vizito, kuvivaa ni mieleka, ila vina joto. Akashauri vya mpira, saizi moja juu, visije vikanibana damu ikakwama. Eti miguu yangu ni mirefu kuliko akili zangu. Nimecheka, mara ya kwanza wiki hii.

Nimechukua vya mpira.

Ijumaa, 8 Novemba

Rasharasha tangu asubuhi, na miguu haikusikia baridi hata chembe! Suruali ya mvua nimeichomeka ndani ya vifuniko, kama nilivyozoea kuichomeka kwenye soksi isiliwe na cheni. Bosi wangu mfamasia kaniona natabasamu, akauliza nimekunywa nini.

Soksi zilikuwa na unyevu kidogo. Jasho, nadhani.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua kubwa. Jioni nikapita kwa Breki kumshukuru. Akanitazama miguuni.

— We bwana, umejenga mfereji?

Suruali hukaa juu ya kifuniko! Nikiichomeka ndani, maji yanateremka nayo mpaka kiatuni, na mpira hauyaachii. Kafungua zipu ya kifuniko mwenyewe. Maji yakamwagika sakafuni kama ya birika. Nilingoja anitanie. Hakutania. Akauliza, kwa sauti ya chini, nimewezaje kutembea na dimbwi hilo kutwa nisijue.

Nilidhani ni mikavu. Kumbe nilikuwa nasifu mpira, na kazi ilifanywa na ganzi. Mazoea yana taabu.

Naogopa. Basi, nimeliandika.

Jumanne, 12 Novemba

Kidole kidogo cha mguu wa kulia kimekuwa rangi ya zambarau. Sikwenda kazini. Nimesingizia mafua.

Jioni mama watoto kaniletea beseni la maji na chumvi, akarudi jikoni. Nikatumbukiza miguu. Aliporudi nikamwambia, raha kweli, ili afurahi. Akatia mkono akoroge chumvi — akapiga ukelele!

— Toa miguu, baba! Sijachanganya na ya baridi!

Akaitoa yeye. Ngozi nyekundu, inatutumka. Akanitazama usoni, akaelewa yote niliyomeza.

Yuko kwenye simu na nesi. Ananigeukia: nesi anauliza, unasikia maumivu kiasi gani?

Anasubiri. Naandika ili nisimtazame. Miguu imelala juu ya taulo, haiumi. Haiumi kabisa.