Baiskeli Kati ya Vipindi

Mjukuu wangu Salma, mke mwenzangu,

Marahaba. Hapa Kibuta hatujambo, na mume wetu, babu yako, goti limepoa.

Umeniuliza ufanye nini na saa zisizo na kipindi hapo chuoni Kibaha. Nilipokuwa nasomea uuguzi, rafiki yangu Rehema alitumia saa hizo kunifundisha baiskeli uwanjani. Nilianguka sana, tukacheka.

"Itanisaidia nini?" nikamuuliza.

"Panda tu, kengele bado."

Nilipopangiwa kazi huku, mama mmoja alishikwa na uchungu mbali na zahanati. Niliazima baiskeli, nikamuwahi, akajifungua salama. Wakati wa kurudi nilimkumbuka Rehema, nikacheka peke yangu njiani.

Jifunze chochote kinachokufurahisha, mama. Ukichoka, lala.

Nakupenda,
Bibi Zuhura