Kumsomea Sefu

Alhamisi, baada ya Isha

Wifi Mwanahamisi ameniudhi. Tukiwa tunakuna nazi, ameniuliza: dunia nzima ikigeuzwa kwa nguvu, watu, samaki, kila kiumbe kiwe kitu kingine, si afadhali kuliko kufa?

"Afadhali wapi?"

"Angalau kaka yangu angekuwepo, wifi. Hata akiwa kitu."

Nikamwambia mume wangu amekufa akiwa Sefu. Kila Alhamisi namsomea Yasini, namtaja jina. Angegeuzwa, ningemsomea nani? Na mimi nikigeuzwa, nani atamkumbuka?

Halafu sasa hivi nimesikia kikohozi kama cha Sefu mlangoni. Nimechungulia. Ni mbuzi wa jirani, amesimama pale Sefu alipokuwa akivua kandambili.

Nimesoma Yasini yangu. Nilipomtaja Sefu, mbuzi akainua kichwa.

Nimeshindwa kumfukuza.